Herufi Moja ya Dhahabu

Wino wa dhahabu una harufu ambayo sijapata kuielezea vizuri, na nimejaribu. Ni harufu ya spiriti na rangi ya kucha, na nyuma yake kuna utamu kidogo kama wa gundi ya bahasha. Leo asubuhi nimefungua chupa mpya hapa mezani kwangu, Al Amerat, kisha nikaiweka kando bila kuchovya kalamu. Nimempigia simu bibi harusi nisiyemjua, nikamuuliza swali moja, naye akanijibu kwa haraka, "Nitakupigia." Kadi zake zimepangwa mbele yangu na siwezi kuanza mpaka apige. Kila ninapokaa kusubiri simu ya namna hii, harufu ile hunirudisha kwenye ghorofa ya pili ya jengo letu la zamani, Al Khuwair, mjini Muscat, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikifanya jambo jema kwa njia mbaya.

Watu wakiona khati yangu, mwandiko wangu wa kupamba, hudhani nimesomea. Sikusomea. Nilijifundisha kwa kunakili mabango ya maduka tukiwa kwenye foleni ya magari, kidole changu kikipita juu ya kioo cha dirisha. Kiswahili cha kuandika nacho nilijifundisha hivyohivyo, kwa kuwa shuleni hakikuwepo na nyumbani kilikuwa cha mdomoni tu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia imetosha. Nilikuwa mtoto wa kufuta. Nilifuta mpaka daftari likatoboka. Nikikosea herufi moja ukurasa wa mwisho nilianza tena ukurasa wa kwanza, na tumbo liliniuma kwa makosa ambayo mwalimu hata hakuyaona. Aya hii hapa nimeiandika mara saba, kwa hiyo msidhani nimepona.

Bi Lailuma alihamia ghorofa ya tatu, juu yetu kabisa, kwa mwanawe aliyekuwa mhandisi. Tulichosikia ni kwamba ni mama wa Kiafghani na kwamba bega lake linauma. Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja ambaye hajui kukaa na jirani bila kumlisha, alinituma nimpelekee sahani ya vitumbua. Nilikuta mlango wazi. Ukutani, mkabala na mlango, palibandikwa karatasi kubwa yenye picha ya mwanamke aliyevaa mtandio mweusi. Chini ya uso kulikuwa na tarakimu, na chini ya tarakimu zilichorwa funguo tatu. Herufi zilikuwa za Kiarabu kama zetu, lakini maneno sikuyajua. Sikuhitaji kuyajua. Filamu nilikuwa nimeangalia za kutosha: uso, namba, kosa. Niliweka sahani sakafuni nikashuka ngazi mbio.

"Bibi, yule mwanamke anatafutwa na polisi! Anafungua nyumba za watu. Ana funguo tatu!"

Bibi hakuinua uso kutoka kwenye kikaango. "Mwizi gani huyo anabandika tangazo lake mwenyewe sebuleni?"

"Labda anajisifu."

"Basi kan'chukulie sahani yangu kabla hajaondoka nayo."

Nilimwamini Bibi kwa mambo mengi, si kwa hilo. Wiki nzima nilificha funguo zetu ndani ya ndoo ya mchele, na siku mbili Baba alichelewa wizarani akigeuza mito ya makochi. Bibi alipochota mchele akakuta ufunguo wa gari kwenye kikombe, hakunipiga. Alinishika mkono, tukapanda pamoja.

Hawakuwa na lugha moja, lakini Bibi hajawahi kuona hilo kama kikwazo. Aligusa vitu akivitaja kwa Kiswahili kwa sauti kubwa, kama mtu anayeuza, na Bi Lailuma alijibu kwa Kidari, lugha ya kwao, na kila walipokutana kwenye neno moja walipiga makofi. Chai. Rangi. Pamba. Bustani. Walipofika kwenye serikali, Bi Lailuma alicheka mpaka akashika bega lake, akasema kwake pia ni hivyohivyo. Mimi nilikuwa mkalimani wa yaliyobaki, kwa Kiingereza changu cha shule na Kiarabu chake alichokipata kwenye Kurani.

Nikamuuliza kuhusu picha. Sikuweza kuvumilia.

Akaniambia alikuwa mbunge. Kwao wapo wengi wasiosoma, kwa hiyo kila mgombea hupewa alama ichapwe kwenye karatasi ya kura karibu na uso wake. Mwingine hupata simba wawili, mwingine birika. Yeye alipata funguo tatu. Ile tarakimu ilikuwa namba yake kwenye orodha ya wagombea.

"Kwa hiyo huibi?"

"Wenzangu bungeni walisema naiba," akajibu bila kutabasamu. "Walisema naiba wake zao." Ndipo akatabasamu.

Nilimtafsiria Bibi. Bibi akampiga kofi la pajani. "Huyu n'nampenda!"

Tangu siku hiyo nilipanda kila alasiri baada ya shule. Alipika chai ya kijani yenye iliki, akanimiminia kwenye gilasi, na kando aliweka tuti, yaani forosadi, zilizokaushwa ambazo zilinata kwenye meno. Alivaa sweta la kijivu hata Mei, kwa sababu mwanawe aliwasha kiyoyozi kama anahifadhi samaki. Alikuwa na sauti nzito iliyosikika mpaka kwetu chini. Baba alisema mama huyo akizungumza na simu anasikika mpaka mtaa wa Bawshar. Siku moja nilimwambia hivyo, kwa utoto tu, naye akanieleza kwamba bungeni walikuwa wakimzimia kipaza sauti kila aliposimama, ikabidi ajifunze kuzungumza bila hicho.

Alikuwa anasimamia nini hasa? Nilitegemea jambo kubwa, vita au mafuta. Akaniambia: majina. Alitaka jina la mama liandikwe kwenye kitambulisho cha mtoto, kando ya jina la baba. Hilo tu. Kwa hilo walimwita kafiri, wakampelekea sanda nyumbani, na asubuhi moja gari lake likapigwa risasi akiwa ndani. Bega liliumia hapo.

Alinieleza kwamba kwao mwanamume hataji jina la mkewe wala la binti yake mbele ya wanaume wengine. Ni aibu. Mwanamke ni mama wa fulani, mke wa fulani, watu wa nyumbani. Mama yake alipofariki, yeye akiwa mtoto wa umri wangu, kwenye jiwe la kaburi waliandika jina la mume na jina la mtoto wa kiume mkubwa. Jina lake mwenyewe halikuwepo. Bi Lailuma alichukua mkaa jikoni akaenda kuliandika. Mvua ikalifuta. Akaliandika tena.

"Mara ngapi?" nikamuuliza. Mimi ni mtu wa kutaka kujua mara ngapi.

"Mpaka niliposhika mimba ya mwanangu, nikashindwa kupanda kilima."

Nilishuka nikiwahurumia watu wa nchi ile. Nilidhani ni jambo la huko kwao, nyuma ya milima yao. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kwenye simu ya Baba, Mama alipopiga, kioo kiliandika "Nyumbani." Nilidhani nyumba ndiyo inayopiga.

Kisha zikaja kadi za harusi ya Thuraya.

Thuraya ni dada yangu mkubwa, aliyenizidi miaka kumi na mmoja. Alikuwa anaolewa na Haitham, kijana aliyesoma naye chuo, wa ukoo wa ndani ya nchi, watu wasiojua Kiswahili. Baba alikuwa na wasiwasi tangu posa. Nyinyi mliokulia kwenye nyumba kama zetu mnaujua wasiwasi huo: tumezaliwa Muscat, mababu zetu Waarabu, lakini babu mmoja alikwenda Unguja na ikatosha watu kutuangalia tunavyocheka, tunavyokula, mabinti zetu wanavyozungumza. Baba alitaka kila kitu kwenye harusi ile kiwe sawa zaidi ya sawa. Hilo nililielewa vizuri. Nadhani ndiye aliyenirithisha tumbo la kuuma.

Kadi zilikuwa nene, za rangi ya maziwa, na harufu yake nzuri ilijaza sebule. Mliozipokea kadi za karatasi, kabla mialiko haijaanza kuja kwa simu, mnakumbuka zilivyoandikwa. Juu, jina la baba wa bwana harusi. Katikati, jina la bwana harusi kwa herufi nene. Chini yake: kwa binti mtukufu wa fulani bin fulani, yaani Baba. Na pembeni, ndani ya duara la maua, herufi moja tu ya dhahabu, herufi ya kwanza ya jina la dada yangu.

Nilipewa kazi ya kuandika majina ya waalikwa kwenye bahasha za upande wetu, kwa sababu mwandiko wangu ulishaanza kusifiwa. Baba mwenyewe alininunulia kalamu ya wino wa dhahabu. Sijawahi kupewa zawadi iliyonitisha vile. Na kila nilipotia kadi ndani ya bahasha, jicho lilikwenda kwenye lile duara. Herufi ilikuwa imekaa upande wa kulia, Kiarabu kinakoanzia, na kushoto kwake maua yaliacha nafasi nyeupe, kubwa, tupu kabisa. Ilikuwa kama mtihani wa kujaza nafasi ambao mwanafunzi ameandika mwanzo wa jibu akakimbia.

Nilipanda na kadi moja kumwonyesha Bi Lailuma.

Aliisoma yote, polepole, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. "Anaolewa nani?"

"Dada yangu."

"Simwoni."

Nikamwonyesha duara. "Huyu hapa."

"Hii ni herufi." Aliirudisha kwenye meza. "Kwenye kadi ya harusi yangu walikuwepo baba yangu, mume wangu, babu zetu wawili na mwenye ukumbi. Mimi nilikwenda bila mwaliko."

Nilicheka, kisha nikahisi joto usoni. Nyuma ya milima yao kumbe ni hapa, juu ya meza, na harufu yake nzuri. "Nimwandike?" nikamuuliza. "Nafasi ipo. Naweza, mkono wangu hautatetemeka."

Nilitegemea angenikumbatia. Aliweka gilasi chini. "Jina ni la nani?"

"La Thuraya."

"Basi muulize Thuraya."

Naapa alisema hivyo. Nimeyarudia maneno hayo kichwani kwa miaka, kwa sauti yake nzito, na hayabadiliki.

Nilishuka nikagonga mlango wa dada yangu. Alikuwa na fundi wa nguo, pini mdomoni, na nywele zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. "Toka!" akanguruma. "N'na kazi!" Nikatoka. Ningeweza kurudi jioni, au kesho yake. Sikurudi, na sababu si pini wala fundi. Niliogopa angesema hapana, na mimi nilikuwa nimeshalipenda jibu langu.

Alasiri tatu, nyuma ya mlango uliofungwa, niliandika jina la Thuraya kwenye kadi zote za upande wetu. Sikuharibu hata moja. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimeipata tena, furaha ya kukamilisha. Kisha nikazifunga bahasha kwa gundi, na Baba akaanza kuzigawa bila kufungua, akijivunia mwandiko wa nje.

Siku mbili baadaye alirudi kutoka kazini na viatu miguuni. Baba hajawahi kuingia ndani na viatu. Alikuwa na kadi mkononi.

Nieleze jambo moja. Ofisini Baba aliitwa Abu Salim, yaani Baba Salim. Salim ni jina la babu yetu, na mtoto wa kiume kwetu hakuwahi kuzaliwa, lakini wenzake walimpa jina hilo kwa heshima, wasije wakalazimika kumwita kwa jina la binti. Siku hiyo, mbele ya watu kumi na kitu kwenye chumba cha mkutano, mmoja alimpa mkono akasema kwa moyo mweupe kabisa, "Mabruk, Abu Salim, kwa harusi ya Thuraya."

"Jina la binti yangu," Baba alisema, amesimama katikati ya sebule, "limesomwa na mkurugenzi. Limesomwa na madereva. Nani kaandika?"

Swali halikuwa na maana, mwandiko ulikuwa ule ule wa bahasha. Wote walinigeukia: Mama, Bibi, Thuraya mlangoni.

"Nani kakwambia uandike?"

Hapa ndipo ninapotaka kufuta, na sifuti. Nilisema, "Bi Lailuma."

Baba alipanda ngazi, mimi nyuma yake. Bi Lailuma alifungua akiwa na sweta lake. Baba hakupaza sauti, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Alimwonyesha kadi, akamuuliza kwa Kiarabu kama ni yeye aliyemfundisha mtoto wake jambo hili. Bi Lailuma aliitazama kadi. Kisha alinitazama mimi, kupitia kiwiko cha Baba, kwa muda mrefu kiasi kwamba niliweza kuhesabu vifungo vya sweta: sita.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

"Wewe ni mgeni katika nchi hii."

"Najua. Hata kwetu huniambia hivyo."

"Wanangu wasionekane tena hapa."

Aliinamisha kichwa, akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mgonjwa.

Chini, Baba aliagiza kadi zilizobaki zichanwe, na zilizokwenda zifuatwe moja moja. Alisema watu wa Haitham watasema hawa ndio Wazanzibari, mabinti wao wanatandazwa kwenye karatasi. Alisema ikibidi harusi itasogezwa mbele. Thuraya aliichukua ile kadi mkononi mwa Baba, akakaa nayo kwenye mkono wa kochi, akaisoma kama barua.

"Hukuniuliza," akaniambia.

Nikatikisa kichwa.

"Ungeniuliza n'ngekataa." Alipitisha kidole juu ya wino. "N'ngekataa kwa woga tu, si kwa kutotaka." Kisha akamwinulia Baba uso. "Baba, zilizobaki ziende hivi hivi."

"Thuraya, huelewi."

"Naelewa. Mimi ndiye n'naeolewa. Kama Haitham hawezi kunioa na jina langu, bora nijue sasa, kabla ya hina."

Baba alifungua mdomo, na ndipo Mama, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko akijifuta mikono, akazungumza. Mama si mtu wa maneno mengi.

"Baba Thuraya."

"Naam?"

"Umeitika."

Hakuelewa. Hata mimi sikuelewa.

"Miaka ishirini na mbili nnakwita Baba Thuraya," Mama akasema. "Kwa jirani, hospitali, mpaka sokoni mbele ya wauza samaki. Nnapiga ukelele, Baba Thuraya, changu wamekwisha! Na unaitika. Hujaona haya hata siku moja. Sasa haya imetoka wapi leo?"

Bibi alicheka kwa pua. Baba alimtazama mama yake ili apate msaada. "Mie usin'tazame," Bibi akamwambia. "Mie mtoto wangu s'jamzaa na jina Abu Salim."

"Na kwenye simu yako," Mama akaendelea, kwa sauti ya chini sasa, "mie nnaitwaje?"

Baba alikaa. Akavua viatu, kimoja, kisha kingine, akavishika mkononi. Mwisho alimpigia baba wa Haitham palepale, mbele yetu, na alisema kwa Kiarabu chake bora, mgongo umenyooka, kwamba jina la binti yake limo kwenye kadi na kama lina kero basi waseme leo. Tulisikia sauti ya mzee yule ikikoroma kwenye simu lakini maneno hatukuyapata. Baba alipokata, alisema: "Wanasema wao watachapisha kadi zao. Bila jina."

"Na zetu?" Thuraya akauliza.

Baba alisimama, akakusanya bahasha zilizobaki mezani, akazipanga kingo zikalingana. "Zetu n'tazigawa kesho."

Mngedhani nilipona hapo. Harusi ilikuwa salama, jina lilikuwa kwenye kadi, na dada yangu alinibana kichwa kwapani kwa mapenzi. Lakini juu yetu kulikuwa na mwanamke aliyebeba kosa langu na begani ana risasi ya wengine. Chakula hakikushuka. Bibi peke yake aliendelea kupanda. Baba alipomkumbusha amri yake, alimjibu, "Umesema watoto. Mie mtoto?" Na ni Bibi aliyeshuka siku moja na habari.

"Lailuma anarudi kwao. Ati anagombea tena."

"Na bega?" Mama akauliza.

"Kan'ambia bega halipigi kura."

Ijumaa ile tulikuwa tunatoka Bawshar, Baba na mimi tu, gari limejaa vitambaa vya meza. Nilimwambia kabla hatujafika mzunguko. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: nilimuuliza, akasema muulize Thuraya, sikumuuliza, nikadanganya. Baba alipita njia ya kuingia kwetu. Akapita na ya pili.

"Alikubali kosa lisilo lake," akasema. "Mbele yangu. Na mimi nikamwita mgeni."

Kwenye njia ya tatu akakunja.

"Utamwambia mwenyewe. Mimi nitasimama nyuma yako, kama ulivyosimama nyuma yangu."

Alisimama hivyo kweli, na sahani ya halwa mkononi, ameishika kama mtoto aliyetumwa. Nilimwambia Bi Lailuma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiarabu ili Baba asikie, kisha nikaishiwa lugha.

"Nilijua," akasema. "Mtu aliyeamrishwa haandiki vizuri hivyo." Akanishika kidevu. "Lakini dada yako ulimuomba radhi? Mimi wamenisingizia mengi, nimezoea. Yeye ulimwandikia jina lake bila kumuuliza, kama wengine walivyolificha bila kumuuliza."

Sijawahi kukosolewa vibaya vile, wala kwa upole vile. Baba aliweka halwa mezani, akakohoa, akasema kwa Kiarabu, "Dada yangu, nisamehe." Bi Lailuma akaweka mkono kifuani.

Masanduku yalikuwa wazi. Lile tangazo la ukutani lilikuwa limeshabanduliwa, na juu ya meza kulikuwa na jipya, bado halijaandikwa: picha yake, funguo tatu, na juu nafasi nyeupe, pana. Mwanawe angelipeleka kwa mchapishaji. Akaniuliza kama kalamu yangu ninayo. Ninayo siku zote.

"Ukubwa gani?" nikamuuliza.

"Mtu wa upande wa pili wa barabara alisome. Hata kama anakimbia."

Kiyoyozi kilikuwa kinapeperusha karatasi. Baba, bila kuombwa, alipiga magoti kwenye zulia, akaishika pembe zote mbili za juu kwa viganja vyake. Niliandika jina la Bi Lailuma lote kwa wino mweusi, herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kuandika, na kwenye herufi ya mwisho mkono ulitetemeka na wino ukavuta mkia mdogo pasipotakiwa. Nilihisi machozi. Nikasema karatasi nyingine, tafadhali, naanza upya.

"Hapana," Bi Lailuma akasema. "Linasomeka?"

Baba aliinama juu ya karatasi. Na baba yangu, ambaye wiki ile alivaa viatu ndani kwa ajili ya jina la mwanamke, alilisoma jina la mwanamke asiyemhusu kwa sauti, lote, jina lake na la mama yake, ambalo Bi Lailuma aliliongeza mbele ya la baba.

"Linasomeka," akasema.

Bi Lailuma aliondoka Jumatatu. Miezi kadhaa baadaye mwanawe alimtumia Bibi picha kwenye simu. Ilikuwa ukuta wa udongo, na lile tangazo limebandikwa. Mtu alikuwa amechukua kitu chenye ncha akaukwangua uso wote, macho, mdomo, mpaka ukuta ukaonekana. Lakini jina lilikuwa juu, mkono haukufika au hakujali, na mkia wangu wa wino ulikuwepo. Alishinda kiti kile. Siku hizi bunge lenyewe halipo, mwanawe alihama, na namba yake haiiti. Sijui alipo. Nakataa kumwandika kama mtu aliyekwisha.

Thuraya nilimuomba radhi nikiwa na miaka kumi na mmoja, na tena mwaka jana, kwa uhakika. Ana mabinti wawili. Mimi nimekuwa mwandishi wa kadi, na nina sharti moja ambalo limenikosanisha na wachapishaji, akina baba, na mama mkwe mmoja aliyeniita mchafuzi wa harusi. Siandiki mpaka nizungumze na bibi harusi mwenyewe. Namuuliza: jina lako, niliandike? Wapo wanaosema hapana, na hao nawaandikia herufi yao moja kwa uangalifu wote nilio nao, kwa sababu wameulizwa.

Simu imelia sasa hivi, nikiwa naandika mstari huu. Bibi harusi alikuwa ndani ya gari, nadhani, kwa sababu sauti ilikuwa imebanwa na nilisikia mlango ukifungwa.

"Wewe ndiye wa kadi?" aliuliza kwa kunong'ona. "Baba yuko nje, sina muda."

"Ndiye mimi."

Alivuta pumzi. Kisha hakunong'ona tena.

"Liandike," akasema, akanitajia herufi moja moja, kana kwamba naweza kukosea. "Lote. Na usiliandike dogo."